Mkufu wa Mwisho wa Kijani

Siku ile tulikwenda kugawana vyombo vya marehemu. Shangazi wa shemeji yangu alikuwa amekwisha kuzikwa, wageni wa msiba wamerudi makwao, na ndugu wa karibu walikuwa wamekusanyika katika nyumba yake ili kila mmoja aondoke na kitu cha ukumbusho. Mimi nilikwenda kama mbeba mizigo tu. Wengine waligombania sufuria na mapazia, lakini dada yangu, mke wa shemeji huyo, hakugusa chochote. Alikuwa amesimama mbele ya dirisha la sebuleni, mkono shavuni, akitazama kitu kilichoning'inia.

Ulikuwa mmea wa kutambaa, wa jamii ile inayohifadhi maji katika majani yake. Majani yalikuwa manene, ya mviringo, madogo kama punje za ushanga, yamejipanga kama mikufu katika vikonyo vyembamba vilivyoshuka kutoka kwenye chungu hadi karibu na sakafu. Mengi yalikuwa na mabaka, nusu meupe na nusu ya kijani. Vikonyo kadhaa vilikuwa vyeupe pee. Kimoja tu, kilichojificha nyuma karibu na ukuta, kilikuwa cha kijani kitupu kuanzia shinani hadi nchani.

“Wifi, ukiuchukua huo, mkufu wa kijani usiuguse,” alisema binamu wa shemeji, muuguzi ambaye ndiye aliyemtunza marehemu hadi mwisho.

“Kwa nini?”

“Hata sijui. Nikija na mkasi tu, shangazi alikuwa anaufunika kwa mkono. Anasema mmea uachwe ujilishe kwake mwenyewe, usije ukatoka kutafuta chakula.” Akacheka. Hakuna aliyemfuata.

Tuliubeba mmea. Nilipogeuka mlangoni kuangalia kama tumesahau kitu, niliona jambo ambalo wakati ule halikunishughulisha: viti vyote vya sebule ile vilitazamana, kama viti vya watu wanaozungumza, isipokuwa kimoja. Hicho kilikuwa kimetazama dirisha, kikiwapa wenzake mgongo.

Dada yangu alifanya kazi katika duka la dawa, na usahihi wa kazini alirudi nao nyumbani. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto, na majirani, kwa mapenzi na kwa utani, walimwita Mama Maua. Alijua kutunza mimea. Udongo wa mmea ule aliuchanganya mwenyewe, mchanga wa chenga kubwa ukizidi mboji, ili maji yasituame na mizizi isioze. Hakumwagilia mpaka achomeke kijiti ndani ya chungu na kukitoa kikiwa kikavu. Hapo ndipo alipolowesha udongo wote, akaacha maji yachuruzike, kisha akausahau kabisa mpaka ukauke tena. Alipotaka kuzidisha, alikata kikonyo, akakiweka kivulini siku kadhaa mpaka jeraha lifunge, ndipo akakilaza juu ya udongo bila kukizika. Mmea uliitikia. Mikufu yake ilirefuka hadi ikagusa sakafu.

Lakini alikuwa na wenzake. Walikuwa wanawake wapenda mimea waliotumiana picha kwa simu, na miongoni mwao sifa kubwa ilikuwa weupe. Jumapili moja, tukiwa mezani, alinisomea ujumbe wa mmoja wao.

“‘Mwenzangu, wako bado una kijani. Huo si mmea, ni nyasi.’ Umesikia dharau hiyo?”

Nikamweleza ninachowafundisha wanafunzi wangu wa biolojia kila mwaka. Rangi ya kijani ndiyo jiko la mmea: humo mwanga wa jua hupikwa ukawa chakula. Sehemu nyeupe haina jiko. Inaishi kwa kulishwa na jirani yake wa kijani, na ukiondoa kijani chote, weupe unakufa njaa.

“Profesa ameanza,” alisema shemeji, akijimegea mkate. “Mke wangu anataka urembo, wewe unamletea jikoni.”

Shemeji alikuwa kinyozi. Saluni yake ilikuwa chini ya nyumba yao, na kicheko chake kilipanda ngazi kabla yake. Alikuwa na tumbo lililomtangulia mlangoni na vidole vyepesi kuliko vya mtu yeyote niliyewahi kumjua.

“Nikatie wewe kila chenye kijani,” dada alimwambia. “Mkono wako hautetemeki. Na kale kakijani ka nyuma pia.”

“Hata kale ka shangazi?”

“Shangazi hayupo tena kukafunika.”

Shemeji alichukua wembe mpya, akauendea mmea kama anayemchonga mtu ndevu. Mkufu wa mwisho wa kijani ulikatika. Papo hapo akaguta na kuuangusha wembe: kidole gumba kilikuwa kimepasuka. Matone yake yalidondokea kwenye kisiki cha mkufu, palipokuwa pakitoka utomvu mweupe kama maziwa, na vyote viwili vikachanganyika.

“Miaka yote nanyoa watu sijamkata mtu,” alisema, akikitia kidole mdomoni, “leo nimekatwa na kichaka.”

Tulicheka. Dada hakuwa mtu wa kutupa kipandikizi, kwa hiyo mkufu ule wa kijani alimpa fundi cherehani wa nyumba ya pili. Kisha akarudi kuosha vyombo. Mimi nilisogea dirishani kukikagua kisiki. Hapakuwa na damu. Palikuwa pakavu, pameshafunga.

Nilitarajia mmea ufe. Haukufa.

Uliongezeka. Chipukizi zilitoka nyeupe, na zilizozifuata zikatoka nyeupe zaidi, zenye kung'aa kama meno. Wenzake dada walimsifu hadi simu ikawa haitulii. Nami nilisimama mbele ya dirisha lile kila nilipowatembelea, nikitafuta doa la kijani, hata la ukubwa wa kichwa cha pini, ambalo lingenieleza chakula kinatoka wapi. Sikuliona.

Badiliko la shemeji lilianza kama kichekesho. Alikihamisha kiti cha wateja kikatazama mlango wa saluni, upande wa jua. Halafu wateja wakaanza kulalamika kwamba anasimama ghafla, mashine mkononi, uso ameuinua kwenye mwanga, macho amefumba. Mmoja alitoka pale amenyolewa nusu kichwa, akaenda kumaliziwa kwingine, na mtaa mzima ukacheka. Shemeji mwenyewe alicheka. Kisha akaacha kushuka saluni.

Alikaa sebuleni, kwenye kiti kilichotazama dirisha.

Chakula alikisukuma pembeni. Si kwa kichefuchefu. Alisema tu kwamba ameshiba. Maji pia aliyaacha, hadi siku ambayo dada alichomeka kijiti kwenye chungu na kukitoa kikavu. Siku hiyo shemeji aliomba jagi, akalinywa lote bila kupumua, akaomba jingine. Baada ya hapo hakugusa tone, mpaka udongo ulipokauka tena.

Dada aliyaona haya kwa mfuatano huohuo ninaouandika.

Tulikwenda hospitali. Walimpima kila kinachopimika, na daktari akatuita pembeni, mimi na dada, akiwa na uso wa mtu anayeona haya kwa anachotaka kusema.

“Mgonjwa wenu hali, lakini hana dalili ya njaa,” alisema. “Na sukari yake... Asubuhi iko chini kabisa. Jua likipanda, nayo inapanda. Likizama, inashuka. Tumebadilisha mashine. Tumebadilisha na mpimaji.”

“Hiyo sukari inakwenda wapi?” dada aliuliza. “Mbona anakonda?”

Daktari alimtazama. “Hilo ndilo nililotaka kuwauliza ninyi.”

Tumbo la shemeji lilikuwa limekwisha. Ngozi ya mikono ilimlegea kama shati la kuazima. Alipokuwa amekaa, uso wake uligeuka polepole sana tangu asubuhi hadi jioni, ukilifuata jua. Hakuwa akijua kwamba anageuka.

Jambo la kwanza tulilojaribu lilikuwa kuutoa mmea nyumbani. Niliupakia garini kuupeleka chuoni. Sikufika mbali, simu ikalia, na dada alikuwa akinong'ona.

“Rudi. Rudi nao. Ameanguka, hapumui vizuri. Rudi!”

Nilipoutundika tena dirishani, shemeji alifumbua macho.

Jambo la pili lilikuwa kukata. Dada alichagua mkufu mfupi kuliko yote, mchanga, akaukata kwa mkasi uliochemshwa. Kutoka kitini shemeji alitoa sauti ndogo, ya kushangaa zaidi kuliko ya maumivu. Akainua mkono wa kulia. Kidole cha mwisho kilikuwa kimelala, baridi, hakina hisia. Hakikuamka tena.

“Mke wangu,” alisema taratibu, “usininyoe tena.”

Ulikuwa utani. Ndiyo maana dada alikimbilia chumbani na kufunga mlango.

Jambo la tatu nililipendekeza mimi, na nililipendekeza kwa hoja, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine. Kama mmea ulikuwa umetoka kutafuta, basi ulikuwa umekosa jiko lake. Ukirudishiwa jiko, huenda ukamwachia. Tulikwenda kwa fundi cherehani. Mkufu wa kijani ulikuwa juu ya meza yake, ndani ya kopo la rangi, umenona, umeteremka hadi kwenye kanyagio la cherehani.

“Mlinipa wenyewe, leo mnaninyang'anya?” fundi alisema. Alipoutazama uso wa dada, sauti yake ikapoa. “Haya, chukua mama. Chukua wote.”

Dada alikata kikonyo kirefu, akakisubiri kidonda kifunge, ingawa kila siku ya kusubiri ilimmega mumewe. Kisha akakilaza juu ya udongo, ndani ya chungu kilekile, katikati ya mikufu myeupe. Tulisubiri mizizi. Ilipotoka, myembamba kama nywele, tuliitazama kwa miwani yangu ya kusomea, tukikabidhiana kama watoto wenye peremende moja.

Kesho yake asubuhi shemeji alisema, “Kuna chai?”

Alikunywa chai. Alikula mkate mzima. Aligombana na redio. Alishuka ngazi akiwa ameshikilia ukuta, akafungua saluni, akafagia nywele za zamani zilizokuwa zimelala humo tangu aache kushuka. Dada alisimama juu ya ngazi akisikiliza ufagio, huku machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Nilidhani tumepona. Nilikwenda nyumbani nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata muda mrefu.

Weupe ulianzia nchani.

Jani la mwisho la mkufu wa kijani liligeuka, kisha la pili yake, kisha la tatu. Haukuwa ugonjwa wowote ninaoujua. Majani hayakunyauka; yalibaki manene, yenye afya, ila rangi ilikuwa ikinywewa. Dada aliyatazama siku nzima, kila siku. Weupe ulipofika udongoni, shemeji aliuacha mkate aliokuwa ameumega, akanyanyuka mezani, akaenda kwenye kiti. Hakuna aliyemwita. Alikaa mwenyewe.

“Mmea umeshaonja mtu,” dada alisema. “Sasa majani hayautoshi.”

Jumamosi iliyofuata alinituma. Alitaka kokoto ndogo za mtoni, zilizooshwa, na alinieleza duka lililoko upande wa pili wa mji ambalo peke yake, alisema, huuza kokoto za aina hiyo. Alizungumza kwa utulivu. Alinitengeneza ukosi wa shati, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa nakwenda shule. Nilifurahi kwamba ana mpango.

Nilirudi na mfuko begani, mchana, jua likiwa kali.

Mlango ulikuwa wazi. Shemeji alikuwa mezani, anakula. Alikula kwa mikono miwili, kwa pupa, chakula cha jana na cha juzi, na alikuwa akilia huku mdomo umejaa.

“Nimejikuta nina njaa,” alininong'oneza. “Profesa, nimejikuta tu nina njaa. Sikumwomba. Naapa sikumwomba.”

Nikatazama kiti.

Dada alikuwa amekaa wima, mikono magotini, uso ameuelekeza dirishani. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa kitambaa. Juu ya kingo za dirisha kulikuwa na wembe. Niliangusha mfuko, nikakimbia, nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mashavu yote mawili. Yalikuwa ya moto kama bati la juani.

“Dada. Dada, umefanya nini?”

Midomo yake ilisogea kabla sauti haijafika.

“Sogea, mdogo wangu,” alisema. “Unanikinga jua.”

Tulijaribu yote tena, kwa mpangilio uleule, kwa kuwa hatukujua mengine. Shemeji alikichana kidole chake tena na tena, akakikamua juu ya shina, akaomba, akatukana. Damu ilikaa juu ya udongo ikakauka. Haikunywewa. Mimi pia nilijikata. Yangu nayo haikunywewa. Kile kilichokuwa ndani ya chungu kilikuwa na chakula chake, na hakikutaka kingine.

Dada hakuteseka, kwa kadiri niwezavyo kusema. Alituambia mambo machache. Alisema mwanga una ladha. Alisema sauti zetu zinatoka mbali, kama za watu walio nje ya kioo. Siku za mwisho hakutaja tena majina yetu, wala mimea aliyoipenda. Aliuliza tu kama bado ni mchana.

Kisha mvua zikaja mapema. Wingu lilitanda juu ya mji, zito, la kijivu, likakaa. Shemeji alinunua taa zote kali alizoweza kupata, akazipanga kumzunguka, sebule ikawaka kama chumba cha upasuaji. Hazikufaa kitu. Tuliwasha nyingine. Mvua iliendelea kunyesha. Nilikuwa nimemshika mkono alipouacha wangu, na nje hapakuwa na jua hata la kuonyesha kivuli cha dirisha.

Baada ya mazishi shemeji aliubeba mmea hadi uani, akaumwagia mafuta ya taa, akauchoma. Nilitarajia ukelele, harufu mbaya, chochote. Uliungua kama nyasi yoyote. Ulifyatuka kidogo, ukatoa moshi, ukaisha. Shemeji alibaki ameshika kiberiti, mtu mzima, mwenye afya, aliyerudishiwa mwili wake wote isipokuwa kidole kimoja, na sijawahi kuona sura iliyokosa matumaini kama ile. Aliihama nyumba kabla jivu halijasombwa na mvua.

Mwenye nyumba alileta fundi, mpaka rangi, kuiandaa kwa wapangaji wapya. Nilikuwa pale kuondoa vitu vya mwisho, na nilikuwa nikikunja pazia fundi huyo aliponiita kutoka sebuleni. Viti vilikuwa vimeshatolewa. Ukuta uliotazamana na dirisha ulikuwa umepauka kwa jua la miezi mingi, kama ukuta wowote, isipokuwa pale palipokingwa na aliyekaa kitini. Hapo rangi ya zamani ilikuwa imebaki katika maumbo mawili yaliyopandana: moja pana, la shemeji, na moja jembamba, la dada yangu, hadi kifundo cha kitambaa alichojifunga kichwani. Nilijua kwamba haiwezekani. Jua hutembea, na kivuli hutembea nalo; hakiwezi kuacha kingo zilizokatika kama kwa mkasi. Lakini yalikuwapo. Niliweka kiganja changu juu ya bega la dada na nikalia, na mpaka rangi, kwa heshima, akangoja.

“Pole, mzee,” alisema baadaye. “Sitaki kukuudhi. Hawa wawili nimeambiwa, ni wapangaji waliokuwapo. Basi, huyu wa tatu?”

“Wa tatu yupi?”

Alinirudisha nyuma hatua chache, kwa kunishika mkono, mpaka nikauona ukuta mzima.

Alikuwa amesimama nyuma ya waliokaa, uso ukielekea dirishani. Kichwa chake kilifika dari na hapo kikainama, kwa kukosa nafasi. Mikono, mirefu mno, ilishuka hadi mabegani mwao, kila bega na kiganja. Rangi ya mahali pake haikuwa imepauka hata kidogo, kana kwamba yeye hakuwa ameondoka pale kwa saa hata moja, tangu siku ya kwanza, wakati wenzake waliondoka kula na kulala.

Mpaka rangi alipaka tabaka la kwanza, akapaka la pili. Wale wawili walifutika.

Alinipigia simu wiki iliyofuata kuniambia kwamba anaacha kazi ile. Aliniambia ameshapaka tabaka la tano na yule wa tatu hafutiki. Kisha akashusha sauti, ingawa ilikuwa mchana na alikuwa barabarani, kati ya watu.

“Mzee,” alisema, “siku ile tukiwa wote, alikuwa ametazama dirisha. Unakumbuka? Alikuwa ametazama dirisha.”

“Nakumbuka.”

“Leo ametazama mlango.”